Mwaka wa Kompyuta ya Bwegera

Mwezi uliopita, kwenye harusi ya mwenzetu mmoja wa darasa huko Nyamianda, nilikalishwa meza moja na Asistanti Faustin, aliyekuwa mwalimu wetu msaidizi chuoni. Siku hizi amepanda cheo na anapenda aitwe kwa cheo chake kipya, lakini mimi nitamwita asistanti mpaka mmoja wetu azikwe, kwa sababu ndivyo alivyoitwa mwaka aliponinyang'anya kompyuta. Amenenepa shingo. Alinisalimia kwa mikono miwili, akaniita dada yetu Riziki, akauliza kama nimeolewa, na kabla bukari, ugali wetu, haijafika mezani akaanza kuwasimulia wenzetu kisa cha mashini ya zamani iliyolipuka mbele ya wageni. Anakisimulia vizuri, nakiri. "Minye nilikuwa nimeifufua na hii mikono yangu," alisema, "lakini munajua kuran ya Uvira." Meza nzima ikacheka, kwa kuwa hakuna nyumba ya Uvira isiyo na chombo kilichouawa na umeme wa Uvira. Na mimi nilicheka. Kisha nikaanza kujiuliza kama nimecheka kidogo mno, kama ameona, kama alikuwa ananipima. Niliporudi nyumbani niliendelea kujiuliza, hadi nikaona kwamba kisa kinachosimuliwa na mtu mmoja kwa miaka kadhaa kinageuka kuwa mali yake. Kompyuta alishaichukua. Kisa sitamwachia.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza masomo ya kompyuta, sina kazi, nimepanga chumba kimoja katika kiwanja cha Mama Sifa, mtaa wa Mulongwe, kando ya mto wa jina hilo hilo. Mama Sifa alikuwa mjane anayekausha ndagala na kuwauza, na kiwanja chake chote kilikuwa vichanja vya waya vilivyojaa samaki wadogo waking'aa kama misumari mipya. Chumba changu kilikuwa na alama ya mafuriko ukutani, mstari wa kahawia uliofika juu ya goti, na kila kitu ndani yake kilikuwa kimeinuliwa: kitanda juu ya matofali, meza juu ya matofali, sanduku la nguo juu ya meza. Nililala nikisikiliza mto. Mtu mwenye hofu kama mimi hapaswi kupanga karibu na mto, lakini ndipo palipokuwa na chumba, na zaidi ya hapo, kila baada ya mafuriko watu wa Mulongwe walitupa vyombo vyao vilivyolowa, na mimi niliviokota. Redio za mbao, mashini za kuchapa, vinasa sauti, mashini za hesabu za maduka yaliyokwisha kufungwa. Nilivifungua, nikavisafisha, nikavirudisha uhai vile vilivyokubali. Vyombo vipya vilinitia wasiwasi, kwa sababu kimoja kikifa hakikwambii kimekufa kwa nini. Redio ya zamani inakwambia. Unaweza kuona kwa macho mahali palipoungua, unaweza kuweka kidole juu ya ugonjwa. Kwa mtu anayeamka asubuhi akiwaza mambo mengi ambayo hayana mahali pa kuwekewa kidole, hiyo ilikuwa raha kubwa.

Mama Sifa hakuelewa, lakini alinivumilia. Wateja wake walipouliza yule msichana wa chumba cha nyuma anafanya nini na takataka zote zile, alijibu kwamba ni msomi, na kwamba usomi wakati mwingine unashuka vibaya. Jioni alinipa sombe ya majani ya muhogo na bukari kwenye sahani ya bati, nami nikamtengenezea taa yake, redio yake, na redio ya kaka yake, na redio za wote walioimba naye kwenye kwaya. Tuliishi hivyo, kwa amani, mpaka niliposikia habari za Bwegera.

Nilizisikia kwa mchuuzi wa mpunga aliyekuja kununua ndagala. Alisema kuna ghala la misheni ya zamani kule Bwegera, wazungu waliondoka kitambo, na juu ya dari ya ghala kuna televisheni yenye vifungo vya herufi. Nikamuuliza vifungo viko vingapi. Akanitazama kama mtu anayeulizwa mbuzi ana nywele ngapi. Kesho yake nilipanda gari la wafanyabiashara kwenda Bwegera, katika uwanda wa Ruzizi, na njia nzima nilijiandaa kukuta ni mashini ya kuchapa, au kukuta ghala limeungua, au kukuta mlinzi amefariki asubuhi ile ile. Mlinzi alikuwa hai na alikuwa anakula. Alinipeleka darini, na pale, chini ya vumbi la pumba la unene wa godoro, ilikuwepo kompyuta ya kizazi cha kwanza kabisa cha zile za mezani, sanduku zito la chuma, na kibao chake cha herufi, na skrini yake ambayo kioo chake kilikuwa kizima. Kuku alikuwa anaatamia juu ya sanduku. Mlinzi alisema nichukue kila kitu isipokuwa kuku, na kwamba nisubiri mayai yaanguliwe au nimhamishe polepole, maana ni kuku mwenye hasira. Nilimhamisha polepole. Alinidonoa, na kovu lake ninalo bado kwenye kidole gumba.

Kazi ilinichukua kipindi chote cha kiangazi. Nilitoa pumba, mavi ya kuku, na kiota cha panya kilichofumwa kwa karatasi za nyimbo za kanisa. Nilifungua mashini kipande kwa kipande, nikaosha kila ubao kwa mswaki na maji yaliyochemshwa, na kwa kuwa sikuwa na mahali pengine penye jua na hewa, nilizianika kwenye kichanja cha Mama Sifa, kando ya ndagala. Hilo lilikuwa kosa. Paka wa jirani waliona kwamba sasa kuna samaki wa aina mpya, magamba yaliingia kati ya miguu ya chipu, na harufu ikaingia mahali ambapo hakuna mswaki unaofika. Mama Sifa alizichunguza mbao zangu za kijani, akanusa moja, akasema, "Hii yako itakauka mbele ya yangu. Utaiuza kilo ngapi?"

Shida kubwa ilikuwa umeme. Ile mashini ilitengenezwa kwa nchi ambayo nguvu ya umeme wake ni nusu ya yetu, na misheni ilikuwa na jenereta yake ya nguvu hiyo hiyo. Ukiichomeka ukutani Uvira, unaiua. Ilibidi nitengeneze transfoma ya kupunguza nguvu, na kutengeneza transfoma ni kuzungusha waya wa shaba kwenye chuma mara nyingi sana, bila kukosea hesabu. Nilizungusha mimi, Mama Sifa alihesabu kwa sauti huku anachambua samaki. Mara moja alikuja mteja akauliza bei ya ndagala, na Mama Sifa, ambaye hakutaka kupoteza hesabu, akamjibu mia mbili na kumi na mbili, mia mbili na kumi na tatu, na yule mama akaondoka akijiona ametukanwa, akisema bei gani inapanda mtu akiwa bado amesimama. Tulicheka mpaka hesabu ikapotea. Tulianza upya. Nilipomaliza niliifungia ndani ya kisanduku cha mbao za kreti ya sabuni, nikakizungushia mpira wa baiskeli, na kilikuwa kitu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza kwa mikono yangu. Siku nilipowasha, skrini ilikaa nyeusi muda wa kutosha mimi kujutia maisha yangu yote, halafu zikaja herufi za kijani, na baada yake kijimstari kinachopepesa, kikisubiri niseme neno. Chumba kilijaa harufu ya ndagala waliopashwa moto. Mama Sifa alisimama mlangoni. "Inauliza nini?" alisema. Nilimwambia haiulizi, inangoja. Akaniambia niandike jina lake, nikaliandika, akaliangalia sana, akaenda kuwaita wote wa kwaya.

Habari zilifika chuoni, na Asistanti Faustin akaja Mulongwe. Alikuwa amenisimamia kazi yangu ya mwisho, yaani alikuwa ameisaini. Alikaa kwenye kiti changu pekee, akala samaki wa Mama Sifa, mukeke mzima, mpaka kichwa, akaitazama mashini ikiandika jina lake, na macho yake yakafanya kitu ambacho ningepaswa kukielewa. Nilikiona, nikakipa maelezo matano tofauti, na yote yalikuwa ya kumtetea. Alisema chuo kinaandaa siku ya milango wazi, watakuja viongozi na wageni kutoka Bukavu, na maabara ina nafasi ya mtu mmoja wa kudumu. Mashini hii ikionekana, nani atapewa nafasi ile kama si mwenye mashini. "Utaiwasha weye mwenyewe mbele yao," aliniambia. "Na jina lako litaandikwa pale juu, kila muntu asome." Jina hilo ndilo lililokuwa hatarini, na nataka ieleweke: halikuwa suala la chuma wala vioo. Nilikuwa mtu ambaye hakuna mahali popote jina lake limeandikwa, na kazi yangu ya kwanza kamili maishani ilikuwa mikononi mwa yule mwanamume anayejifuta mafuta ya samaki. Gari la chuo likaja, likaibeba. Nilienda nayo mpaka maabara, nikaonyesha namna ya kuiunganisha na kile kisanduku cha mbao. Aliitikia kwa kichwa, akiwa anasoma simu yake.

Asubuhi ya siku yenyewe nilifika mapema, nimevaa gauni langu la kumaliza masomo. Katibu alinipa kitenge cha sare, akaniambia nikavae, mimi niko protokoli, yaani kupokea wageni, pamoja na wasichana wengine. Nilidhani ni makosa. Kisha nilidhani labda watu wa kuonyesha kazi zao nao wanavaa sare. Nikaingia kuvaa kwenye kachumba nyuma ya ukumbi, kachumba kalikotengwa na maabara kwa ubao mwembamba, na nikiwa nimesimama pale na kitenge nusu kimefungwa nikasikia sauti ya mwalimu mwingine ikimuuliza Asistanti, je, si yule msichana ndiye aliyeitengeneza ile mashini? Na sauti ya Asistanti, bila haraka, bila hata kusita kidogo, ikajibu: "Yule mutoto? Alisafisha tu."

Nimeyapima maneno hayo kila upande. Nimejaribu kuyaona kama mzaha, kama unyenyekevu wa aina fulani, kama jambo ambalo mwanamume husema ili mazungumzo yaishe. Yamegoma. Nilifunga kitenge. Nilitoka, nikaikuta kompyuta yangu juu ya meza yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki, na kando yake karatasi iliyochapwa: imefufuliwa na Asistanti Faustin, kwa juhudi za maabara. Jina langu halikuwa juu. Halikuwa chini. Nilipewa sinia yenye mto mdogo mwekundu na mkasi wa kukatia utepe, na nikaelekezwa mahali pa kusimama, hatua chache tu kutoka kwenye meza ile, mahali pazuri pa kuona kila kitu.

Ndipo nilipoona kwamba kile kisanduku changu hakipo. Mahali pake palikuwa na regilateri mpya, nyeupe, yenye taa tatu za rangi, bado ina plastiki yake ya dukani. Kwetu kila nyumba yenye uwezo ina regilateri, kile chombo kinachokaa kati ya ukuta na televisheni ili umeme ukiruka usiue kitu, na kwa Asistanti, sanduku lolote linalokaa kati ya ukuta na mashini lilikuwa regilateri. Yangu ilikuwa mbaya, inanuka samaki, imefungwa mpira wa baiskeli, na wageni walikuwa wanakuja. Kwa hiyo alinunua nzuri. Lakini regilateri haipunguzi nguvu nusu. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba nguvu kamili ya Uvira inafika salama.

Nilimwendea. Nataka hilo nalo lieleweke, maana nimelihifadhi kwa uangalifu miaka yote hii. Niliacha mstari wangu, na sinia mikononi, nikamwambia kwa sauti ya chini: "Asistanti, kile kisanduku cha mbao kiko wapi? Hii hapana sawa na—" Wageni walikuwa wanaingia mlangoni. Alitabasamu kuwaelekea, na maneno yake yakatoka kando ya tabasamu. "Riziki, weye uko protokoli. Simama na sinia yako."

Nikasema, "Sawa, Asistanti." Nikarudi, nikasimama na sinia yangu.

Hotuba zilikuwa ndefu, kwa hiyo nilikuwa na muda wote niliouhitaji. Mimi ambaye hukaa nusu saa nikiwaza kama nimefunga mlango, nilisimama pale na jambo moja tu la kuamua. Ningeweza kupaza sauti. Ningeweza kuangusha sinia. Ningeweza kwenda kuchomoa waya na kusema mbele ya ukumbi mzima kwa nini ninauchomoa, na wangeniona kichaa, lakini mashini ingepona. Niliiwaza ilivyokuwa darini, kuku na yote. Niliwaza sauti ya Mama Sifa ikihesabu. Nilijua ndani ya lile sanduku kila kipande kilipo, kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi. Na kila nilipofika kwenye kupaza sauti, nilisikia tena kupitia ubao ule mwembamba: alisafisha tu. Mtu aliyesafisha tu anajua nini kuhusu nguvu ya umeme? Niliambiwa nisimame na sinia, nikasimama. Katika maisha yangu yote ya kutii walimu, sijawahi kutii kwa moyo mmoja kama siku ile.

Utepe ulikatwa kwa mkasi wangu. Asistanti akawaeleza wageni juu ya miezi yake ya kazi, akainama, akabonyeza. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyepasua mfuko wa hewa kwa kofi. Moshi mweupe ukatoka nyuma ya sanduku, kisha mweusi, na skrini ikapiga mwanga mmoja mkali na kufa. Wageni wa mbele walirudi nyuma juu ya viatu vya wageni wa nyuma. Halafu harufu ikafika, na mzee mmoja mwenye tai, ambaye hakuwa anataka kumdhihaki mtu yeyote, akauliza taratibu: "Munapika ndagala huku?" Kicheko kilianzia kwa wanafunzi mlangoni, kikapita ukumbini, kikafika kwa viongozi. Asistanti alifungua mikono, akasema ni kuran, ni kuran tu, na regilateri nyeupe kando yake ilikuwa inawaka taa zake zote tatu, ikionyesha kwamba kuran iko salama kabisa. Mimi sikucheka. Nilishika sinia. Mkasi haukutikisika hata kidogo, na niliuangalia mkasi ule nikashangaa, kwa sababu mikono yangu hutetemeka hata nikinywa chai.

Mchana alimwambia mfanyakazi aitoe nje. Nilimuuliza kama naweza kuichukua. Alikuwa amevua koti na hakunitazama. "Chukua. Ni takataka hii." Nilirudi Mulongwe nyuma ya pikipiki, sanduku mapajani, skrini imefungwa mgongoni kama mtoto. Mama Sifa alisikiliza kisa chote bila kuacha kugeuza samaki wake. Mwisho akauliza kama nilijua kwamba itaungua. Nilisema nilijua. Akauliza, na ukanyamaza? Nilisema niliambiwa nisimame na sinia. Alinyoosha mgongo, akanitazama kwa muda, kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama kabla. "Weye uko mubaya, Riziki," alisema, na jioni ile alinipa samaki mkubwa.

Sikuifungua mara moja. Niliogopa. Mvua zilianza, mto ukapanda, mimi nikaiinua juu ya matofali zaidi na kuiacha. Nilipopata moyo nilikuta kwamba kilichokufa ni skrini, na lile sanduku dogo la ndani linaloingiza umeme. Lilikuwa limechukua kipigo chote peke yake, kama mlinzi aliyeuawa mlangoni. Nyuma yake zile mbao za kijani zilikuwa nzima. Nilipata sanduku la umeme kutoka kompyuta changa zaidi iliyotupwa, linalokubali nguvu ya Uvira bila kisanduku cha mbao wala mpira wa baiskeli, na televisheni ndogo ikawa skrini. Iliwaka. Iko kwenye meza ya karakana yangu hadi leo, ninapotengeneza vyombo vya watu na kulipwa. Mama Sifa tu ndiye aliyewahi kujua kwamba ni ile ile. Asistanti akifika kwenye ukurasa huu atakuwa wa pili: inawaka, Asistanti. Inawaka kila siku, na bado inanuka.

Lakini kwenye harusi alikuwa hajui. Baada ya kicheko cha meza kuisha, watu wakageukia chakula, naye akaniinamia. Sauti yake ilikuwa tofauti, ya mtu anayehitaji kitu. Alisema kuna wafadhili wanataka kufungua chumba cha mashini za kale chuoni, yeye ndiye atakayekisimamia, wamemuuliza juu ya ile kompyuta maana kisa chake kimefika mbali, na wanaitaka hata ikiwa imekufa. Bila ile, chumba hakina kichwa na pengine hakitafunguliwa. Akakumbuka kwamba mimi ndiye niliyeibeba. "Nasema kweli, dada, hata jina lako tutaweka," alisema. "Chini kidogo ya langu."

Niliwaza. Ni jina langu, limeandikwa, mahali ambapo watu watasoma. Mwaka ule ningelitambaia kwa magoti. Ningeweza kusema neno moja nikalipata, na chumba kizima kingekuwa na kichwa. Niliwaza kama chini kidogo ni chini sana. Niliwaza kama chuki ya muda wote huu ni ugonjwa. Nilifika mpaka kwenye kufungua mdomo bila kujua ningesema nini.

"Niliitupa ziwani, Asistanti."

"Ziwani?"

"Pale Mulongwe inapoingia. Maji ilikuwa mingi, ilibeba yote."

"Yote? Hata sanduku?"

"Weye ulisema ni takataka."

Aliweka kijiko chini. Alitazama kitambaa cha meza, kisha mlango, kisha mikono yake mwenyewe, kama mtu anayetafuta mahali pa kuwekea kidole. Nilimwomba anisogezee pilipili, akanisogezea, nami nikala samaki wangu mpaka kichwa.